Skana ya shilingi 45,000 na madaftari kumi na moja

Jumamosi, 2 Machi 2024

Nimefika Busia, upande wa Uganda, jioni nikitokea Kampala, skana nimeipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Ni CanoScan LiDE 25, nyembamba kama sinia. Nimeinunua Nasser Road kwa mzee mmoja aliyekuwa anafunga duka lake la uchapaji. Alianza na 70,000, tukaachana kwenye 45,000, kwa sababu haikuwa na CD wala boksi. Sikumwambia kwamba CD siihitaji. Duka langu hapa mtaa wa Sofia linatumia Debian 12, aina ya Linux, na draiva ya skana hii, yaani programu ya kuiendesha, ninayo tayari kwenye diski hata kabla sijainunua.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna kikundi cha akiba cha akina mama wanaovuka mpaka kila siku na nyanya, mitumba na samaki wadogo, ambao ni mukene au omena kutegemea umesimama upande gani wa geti. Wana madaftari 11, kaunta buku za kwaya mbili, kuanzia mwaka 2003. Yote yameandikwa kwa Kiswahili, maana kati yao kuna Wasamia, Wateso, Waluhya wa ng'ambo na Waganda wawili, na hakuna lugha nyingine inayowakutanisha wote. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda. Akina mama hawa walikuwa wameshajaza daftari la kwanza.

Mchwa wameingia daftari la 9. Mama mweka hazina alikuja nalo dukani limefungwa kwenye leso, akalifungua mezani kama mtu anayeonyesha kidonda. Tulijaribu kupiga picha kwa simu: kona zinaingia giza, mistari inapinda, na kivuli cha mkono wangu kiko kwenye kila ukurasa. Akasema, "Mwanangu, mimi nataka kitu kitakachosomeka hata nikiwa kaburini." Ndiyo maana nikaenda kutafuta skana.

Jumapili, 3 Machi

Nimechomeka. Kimya. Hata taa haikuwaka.

Kabla ya kugusa kitu kingine nilifungua terminali, nikaandika sudo dmesg -w, nikachomoa na kuchomeka tena huku nikitazama keneli, kiini cha mfumo, inasema nini. Ilisema hivi, mara nne mfululizo:

device descriptor read/64, error -71

kisha ikakata tamaa: unable to enumerate USB device.

Hapo wengi wetu hukimbilia kuweka draiva upya. Mimi mwenyewe nimewahi kufanya hivyo na printa, nikapoteza siku mbili. Lakini -71 ni kosa la mazungumzo kwenye waya. Kompyuta inamuuliza mgeni "wewe nani?" na jibu linafika limekatikakatika. Draiva bado haijaitwa hata kuja kuangalia. Unaweza kuibadilisha mara kumi, hali itabaki hiyo hiyo.

Nikaangalia kebo. Ya skana ni mita 3, na mimi nilikuwa nimeiunga na nyongeza ya mita 3 ili ifike mezani. Jumla 6, wakati kebo ya USB 2.0 inaruhusiwa mita 5. Tena skana hii haina waya wa umeme, inanyonya kila kitu kutoka tundu la USB, na kwa kawaida ya USB 2.0 inaruhusiwa miliampea 500, basi. Ukipitisha umeme huo kwenye kebo ndefu na nyembamba ya dukani, unaofika upande wa pili ni kama uji uliotiwa maji.

Nimetoa nyongeza, nikaazima kebo fupi ya printa, taa ikawaka. Leo nimeishia hapo, maana mteja wa barua ya maombi ya kazi alikuwa mlangoni.

Jumanne, 5 Machi

lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, inaiona: 04a9:2220. Nusu ya kwanza ni namba ya Canon, ya pili ni ya modeli yenyewe. Nimeweka vifaa:

sudo apt install sane-utils simple-scan

Kisha sane-find-scanner. Hiyo haijali draiva, inachungulia tu matundu ya USB kutafuta kinachofanana na skana. Ikajibu kwamba imeiona, na ikataja hata chipu iliyo ndani: LM9832/3. Nilifurahi kama nimepigiwa simu na mtu wa nyumbani.

Kilichofuata kilinichekesha. Nilimwita Hajji wa duka la jirani aje ashuhudie skani ya kwanza. Nikaandika scanimage --format=tiff > jaribio.tiff, skana haikutikisika, lakini faili likatokea. Tukalifungua. Ilikuwa picha ya paji la uso la Hajji na kofia yake, kutoka chini.

Kumbe SANE, huo mfumo wa skana wa Linux, ina draiva inayoitwa v4l ambayo huichukulia kamera ya laptopu kama skana. Sikuwa nimeitajia kifaa kipi itumie, ikachukua cha kwanza. scanimage -L ilionyesha vyote viwili: v4l:/dev/video0 na plustek:libusb:001:005. Hajji aliuliza kama picha hiyo ni ya bure.

Jina plustek lilinibabaisha kidogo. Skana ni ya Canon, kwa nini draiva ina jina la kampuni ya Taiwan? Jibu liko kwenye ile chipu. SANE imegawanywa pande mbili: upande mmoja kuna programu unazobofya, upande mwingine kuna draiva, na kila draiva inajua namna ya kuongea na aina fulani ya chipu. Waliotengeneza plustek walianza na skana za kampuni hiyo, lakini chipu za LM983x zilitumiwa na watengenezaji wengine pia, hivyo Canon kadhaa za zamani zikaangukia humo humo. Kwa hiyo ukinunua skana ya mtumba, usiulize tu ni ya kampuni gani. Mbili za kampuni moja, zenye majina yanayofanana, zinaweza kuwa na chipu tofauti, draiva tofauti, na bahati tofauti.

Nimefungua /etc/sane.d/dll.conf, nikaweka alama ya # mbele ya kila mstari isipokuwa plustek. Sasa scanimage -L inajibu papo hapo, badala ya kubisha hodi kwenye milango yote ya mtaa. Na paji la Hajji limepumzika.

Nina kitabu kimoja cha zamani cha Linux hapa dukani kinachosema uandike modprobe scanner. Msihangaike nayo. Moduli hiyo ni ya enzi za keneli 2.4, iliondolewa zamani, siku hizi SANE inapitia libusb moja kwa moja.

Alhamisi, 7 Machi

Skani ya kwanza ya kweli: krrrrrr. Sauti ya meno yanayosaga mawe, kisha ukurasa mweusi wenye mistari.

Nilidhani nimeua mashine ya 45,000 kwa amri moja. Nikaichomoa, nikaigeuza. Chini yake kuna kitufe kidogo cha kusukuma, chenye alama ya kufuli. Kilikuwa kwenye "kufungwa". Hiki ndicho kinachokishika kichwa cha kusomea kisirukeruke wakati wa safari, na yule mzee wa Nasser Road, kwa wema wake, alikifunga kabla ya kunikabidhi. Mota ilikuwa inavuta kitu kilichofungwa kamba.

Nimesukuma, nikajaribu tena. Kichwa kikatembea taratibu, na mwanga unaopishana chini ya kioo: skana hizi hazina taa nyeupe, zina LED nyekundu, kijani na bluu zinazowaka kwa zamu. Picha ikatoka, ndogo kama stempu. Sikuwa nimeitajia kipimo. Kwa --resolution 300, yaani vitone 300 kwa inchi, ikatoka safi.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya Wanawake, sikukuu. Mama mweka hazina na wenzake wameenda uwanjani na sare zao. Nimefunga duka.

Jumamosi, 9 Machi

Kasoro mpya. Skani ya kwanza inatoka, ya pili inagoma: Error during device I/O. Ukichomoa na kuchomeka, inatoka moja tena, halafu inagoma. Madaftari kumi na moja kwa mtindo huo, kebo itakatika kabla ya daftari la pili.

Mara hii sikuwa mwerevu. Nilibadilisha mambo matatu kwa mpigo: kebo, tundu, na mpangilio wa plustek.conf. Ikakubali, kisha ikakataa, na sikujua tena kipi kimefanya nini. Nikarudisha vyote vilivyokuwa, nikanywa chai, nikasoma mwongozo, man sane-usb, kuanzia juu. Karibu na mwisho kuna aya fupi: skana ikiacha kufanya kazi kwenye tundu la USB 3, jaribu

export SANE_USB_WORKAROUND=1

Laptopu yangu ina matundu ya USB 3 tu, hakuna mengine. Nimeandika mstari huo, nikaskani kurasa sita mfululizo bila kugusa kebo. Nimeuweka kwenye .bashrc, ili usomwe wenyewe kila nikifungua terminali.

Naandika hili ili anayefuata asipitie njia yangu: aya hiyo ipo kwenye kompyuta yako sasa hivi, haihitaji bando.

Jumanne, 12 Machi

Laptopu ndiyo inayolisha duka. Siwezi kuifunga siku nzima kwa ajili ya madaftari huku watu wa vyeti vya forodha wamepanga foleni. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 anaweza kutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa za Afrika Mashariki, na wengi huja kwangu kutoa nakala. Kwa hiyo nimeamua skana ihamie chumba cha nyuma, kwenye kompyuta ya mezani ya zamani isiyo na skrini. Hiyo ina USB 2 tu, ule ugonjwa wa Jumamosi hauihusu. Nitaiendesha kwa ssh, yaani kwa kuiandikia amri kutoka mashine nyingine kupitia mtandao.

Nikaweka Debian, nikaweka sane-utils, nikaingia kwa ssh:

No scanners were identified.

Nikaandika sudo scanimage -L, yaani kwa mamlaka ya msimamizi, ikaonekana. Basi hapo jibu limeshatoka: kifaa kipo, draiva ipo, kinachokosekana ni ruhusa. Kwenye laptopu sikukutana na hili kwa sababu mtu aliyeketi mbele ya mashine yenyewe, amefungua desktopu, hupewa ruhusa ya skana na mfumo bila kuomba. Anayeingia kwa ssh huhesabiwa mpita njia. Dawa ni kumwingiza kwenye kundi la scanner.

Sasa sikilizeni nilichokifanya, mimi ambaye watu wananiita fundi. Niliandika:

sudo usermod -G scanner duka

Nikatoka, nikaingia tena kama inavyotakiwa. scanimage -L ikaonyesha skana. Nikashangilia. Kisha nikajaribu sudo apt update, nikaambiwa mtumiaji duka hana haki ya kutumia sudo.

Nimesahau a. Ukiandika -aG unamwongezea mtu kundi. Ukiandika -G peke yake, unamvua makundi yote aliyokuwa nayo na kumvisha hilo moja. Nilijivua kundi la sudo kwa mkono wangu, na kwa kuwa nilishatoka kwenye kikao, hata mlango wa uani nilikuwa nimeufunga. Paswedi ya root, mtumiaji mkuu wa mashine, sikuiweka wakati wa kuisimika Debian, nikijiona mjanja.

Hajji akaniazima skrini yake. Nikawasha upya, kwenye orodha ya GRUB, ile inayotokea mashine ikianza kuwaka, nikabonyeza e, mwisho wa mstari unaoanza na linux nikaongeza init=/bin/bash, nikaendelea kwa Ctrl+X. Mashine ikanipa root bila maswali. Halafu:

mount -o remount,rw /
/usr/sbin/usermod -aG sudo,scanner duka
sync
reboot -f

Na ndiyo, hii ina maana kwamba yeyote anayeingia chumba cha nyuma akiwa na skrini na dakika tatu anaweza kuwa mwenye nyumba. Nimenunua kufuli la mlango.

Kwa kuhakikisha: getfacl kwenye faili la kifaa ndani ya /dev/bus/usb inaonyesha mstari group:scanner:rw-. Ukiuona huo na bado unakataliwa, basi hujaingia upya.

Nilifikiria pia kutumia saned, ili skana ionekane kwenye mtandao kama ilivyo, kupitia mlango 6566. Nimeiacha. Mafaili nataka yabaki kwenye mashine ya nyuma, sina sababu ya kuyazungusha hewani kisha kuyarudisha.

Jumapili, 17 Machi

Kompyuta imetulia. Sasa tatizo ni karatasi, na kwa kweli hapa ndipo penye kazi.

Skana za aina hii husoma zikiwa zimebusiana na karatasi. Kitu kikiinuka kidogo tu juu ya kioo, ukungu unaingia. Kaunta buku iliyoshonwa ina bonde katikati, na akina mama hawa wameandika mpaka ndani ya bonde, kwa sababu karatasi ni pesa. Maneno ya mwisho ya kila mstari yalipotea kwenye kivuli. Na maneno ya mwisho wa mstari ndiyo kiasi.

Nimejaribu kubonyeza kwa mkono: mkono unatetemeka, picha inavunjika. Nimejaribu kamusi, ni nyepesi. Kilichokubali ni tofali moja lililozungushwa kitenge, likawekwa juu ya kifuniko upande wa mgongo wa daftari, sio katikati. Katikati ungepasua kioo. Daftari lenyewe nalilaza ukingoni mwa skana, ukurasa mmoja juu ya kioo na mwingine unaning'inia nje.

Wino wa upande wa pili nao ulikuwa unajitokeza kama mzimu, karatasi za zamani ni nyembamba. Hilo lina dawa ya shilingi 500: karatasi nyeusi ya manila nyuma ya ukurasa. Ukurasa wote unakuwa mweusi kidogo lakini maandishi ya nyuma yanazama.

Nilifanya kurasa 40 za daftari la 1 kwa rangi ya kijivu, 300, kila moja ikichukua kama sekunde 35. Zilisomeka vizuri sana. Nikamwita Mama mweka hazina aje aone, nikiwa na kiburi cha kutosha.

Akavaa miwani, akatazama skrini kwa muda. Akasema, "Mwanangu, deni liko wapi?"

Sikuelewa. Akachukua daftari, akaweka kidole. Kwenye karatasi, aliyelipa ameandikwa kwa bluu na anayedaiwa kwa nyekundu. Hakuna safu ya "deni", hakuna alama. Rangi ndiyo safu. Miaka ishirini ya hesabu inasimama juu ya kalamu mbili, na mimi nilikuwa nimezigeuza zote kuwa kijivu kimoja. Kwenye picha zangu kila mtu alikuwa ameshalipa, au kila mtu anadaiwa, chagua mwenyewe.

Nimefuta zote 40.

Kwa hiyo ni --mode Color. Zile LED tatu zinapaswa kuwaka zote kwa kila mstari, hivyo ukurasa sasa unachukua sekunde 80. A4 kwa 300 ni vitone 2,480 kwa 3,508, na kila kitone baiti tatu: megabaiti 26 kwa ukurasa. Nimehesabu kurasa zilizoandikwa kwenye madaftari yote, 1,640. Hiyo ni kama gigabaiti 43 na saa 36 za kichwa kutembea tu, bila kuhesabu kufunua kurasa. Diski ina nafasi. Saa ndizo zitakazotafutwa.

Jumamosi, 23 Machi

Tumepata mwendo. Kijana wangu wa dukani ndiye mwenye chumba cha nyuma. Amri ni hii:

scanimage -d plustek --mode Color --resolution 300 -x 210 -y 297 --format=tiff --batch=d03-%03d.tiff --batch-prompt

--batch-prompt inasubiri ubonyeze Enter kabla ya kila ukurasa. Chumba hakina skrini, kwa hiyo kijana ameweka Termux, programu ya terminali, kwenye simu yake, anaingia kwa ssh kupitia wifi ya duka, na anabonyeza Enter kwa kidole gumba huku mkono mwingine uko kwenye tofali. Nilipomwona mara ya kwanza nilijiona mzee.

Mambo mawili tuliyojifunza njiani. Kwanza, mwanzoni niliandika -d plustek:libusb:001:005 ndani ya amri. Siku ya pili ikakataa, kwa sababu namba ya mwisho inabadilika kila skana ikichomekwa upya, ikawa 006, kisha 008. Kuandika -d plustek peke yake kunatosha, inachukua ya kwanza inayoiona, na sisi tuna moja tu. Pili, simu ikizima skrini, ssh inakatika na skani inakufa katikati. Sasa anaanzisha tmux kwanza. Simu ikianguka hata kwenye ndoo ya maji, kazi inaendelea nyuma ya pazia, na akirudi anaandika tmux attach.

Daftari la 1, la 2 na la 3 yamekamilika. Mfungo unatusaidia: mchana hakuna anayeenda kutafuta rolex, ile chapati ya mayai, tunafanya kazi mfululizo mpaka jua linapoelekea kuzama.

Jinsi tunavyokagua: baada ya kila kurasa 20 kijana anaziita na kuzilinganisha na daftari, ukurasa kwa ukurasa. Alikuta mara mbili amefunua karatasi mbili kwa pamoja. Hakuna programu ingeligundua hilo.

Alhamisi, 28 Machi

Yuniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla, zimeisha saa kumi na moja jioni, daftari la 5, ukurasa wa 86. Kosa langu, niliona namba zikishuka tangu asubuhi. Faili la 86 limekatika nusu. Baada ya kununua yuniti, --batch-start=86 ikaendelea pale pale na kulifunika lile bovu.

Jumamosi, 6 Aprili

Hali ilivyo leo: madaftari 1 hadi 7 tayari, kurasa 1,082. TIFF zinabaki kwenye diski mpaka kazi iishe. Kwa matumizi natengeneza JPEG, nyingi zinakuja chini ya megabaiti 3, kisha img2pdf inazifunga kuwa PDF moja kwa kila daftari. Nakala moja iko kwenye flashi ya Mama mweka hazina, nyingine kwenye ya katibu, aliye ng'ambo ya mpaka.

Nimejaribu pia Tesseract, programu ya kusoma maandishi yaliyo kwenye picha, ambayo ina data ya Kiswahili kwa jina la swa. Kwa katiba ya kikundi, iliyopigwa kwa taipureta, imesoma karibu kila neno, nimeiweka kwenye PDF kwa ocrmypdf na sasa unaweza kutafuta neno "faini" likatokea. Kwa mwandiko wa mkono wa madaftari imetoa takataka, nikaiacha.

Daftari la 9, lile la mchwa, limebaki mwisho kwa makusudi. Tumelianika chumbani na kulipiga brashi ya rangi iliyo laini. Kurasa zake zitaskaniwa moja moja bila tofali, juu ya manila nyeusi, ili matundu yaonekane kuwa matundu na yasidhaniwe kuwa wino.

Jana walikuja akina mama wawili na ugomvi wa mwaka 2009, shilingi 30,000. Mmoja alisema alilipa, mwingine, aliyekuwa mdhamini wake, alisema yeye ndiye aliyelipishwa. Daftari la 4. Nikafungua PDF, Mama mweka hazina akasogeza kiti karibu na skrini, akaniambia "kuza hapo". Jina lilikuwa kwa nyekundu. Juu yake mstari wa bluu, na pembeni, ndani kabisa ya lile bonde, herufi tatu za bluu: mdh.

Walitazamana. Yule mdhamini alisema tu, "Si niliwaambia," akaokota kikapu chake akaenda kuwahi nyanya.

Jumatatu tunaanza daftari la 8.